Umefunga?

Mimi na wifi yangu tulianza kwa kununiana, na asije mtu akasema nilimpenda tangu siku ya kwanza. Ng'o! Siku niliyoolewa na mdogo wake alinishika mkono mbele ya wageni, akazitazama kucha zangu moja moja, kisha akaniuliza kama nimewahi kupima damu. Mbele ya wageni, jamani! Nikasema kimoyomoyo, haya, nimeolewa na mhubiri, na juu yake nimepewa mkaguzi. Ilinichukua muda kujua kwamba kwake yeye hayo ndiyo makaribisho, maana mtu asiyempenda hamwulizi habari za damu yake.

Si daktari. Kazi yake ni kulaza watu, na pale hospitali wote wanamwita Bi Lala, kuanzia wafagiaji hadi wakubwa. Mgonjwa akiingizwa chumba cha upasuaji, wengine wote wanakwenda palipo na ugonjwa, tumboni au mguuni. Yeye anakwenda kichwani. Anampa dawa ya usingizi, anailinda pumzi yake mpaka wenzake wamalize, halafu anamwamsha taratibu. Aliitamani kazi hiyo tangu utotoni, siku mama yao alipopasuliwa. Mlango ulifunguka kidogo tu, yeye akachungulia. "Kila mtu alikuwa anatazama tumbo la mama," huniambia. "Mmoja tu ndiye aliyekuwa anamtazama mama. Nikasema, mimi nitakuwa yule."

Basi yuko hivyo, akisema kitu amesema. Baba yao aliongoza maombi katika nyumba ndogo ya ibada iliyo nyuma ya maghala, na alipofariki mume wangu akashika nafasi. Watoto wote wawili walilelewa mle ndani, kwa sala na kwa kufunga. Lakini mmoja alitoka na Kitabu, mwingine akatoka na Kitabu na mpira wa kusikilizia mapigo ya moyo, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Huko kazini nako hakuachwa apumue. Kuna daktari wa upasuaji anayefanya naye kazi, bwana mrefu, fundi kwelikweli wa kisu, ila haamini kitu asichoweza kukishika. Daktari mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Kila asubuhi Bi Lala anaikagua mashine ya hewa, anaikagua mitungi, anawasha taa ya kutazamia koo na kuizima, anapanga sindano zake. Akimaliza yote, ndipo anaposimama kichwani kwa mgonjwa, anafumba macho na kusema maneno machache chinichini. Daktari siku moja uzalendo ukamshinda.

"Bi Lala, kama mashine ni nzima, unaomba ya nini?"

"Na wewe unaosha mikono ya nini kama utavaa glovu?"

Daktari akaenda zake kunawa. Ananiambia alicheka peke yake pale kwenye karo, na tangu siku hiyo husubiri amalize kuomba ndipo ashike kisu.

Mimi nilimuuliza kwa nini asianze na sala, maana sisi nyumbani kila kitu kinaanza na sala, hata kuuweka mtungi wa gesi. Akanikata jicho. "Nikiomba kabla ya kukagua, ninamtupia Mungu kazi yangu, wifi. Ameshanipa macho."

Sasa twende kwa mume wangu, maana yeye ndiye aliyetutoa jasho.

Mume wangu alikuwa na ngiri. Uvimbe ulitokeza kwenye kinena, ukawa unatoka akisimama na kurudi akilala. Akauombea. Wiki moja haukutoka kabisa, basi akasimama mbele ya watu wote akatangaza: "Nimepona!" Watu wakapiga vigelegele, na mimi nilipiga, tena kwa moyo wote. Wiki iliyofuata ukatoka tena. Lakini aliyekwisha kutangaza amekwisha kutangaza, na mume wangu akawa anahubiri mkono mmoja uko hewani, mwingine uko mfukoni unausukuma uvimbe ndani. Watu walidhani ni pozi. Vijana wakaanza kumwiga, wakawa wanaomba mkono mfukoni.

Siku moja katikati ya mahubiri uvimbe ukatoka, ukakwama. Alibadilika rangi mbele ya macho yangu, jasho likamtoka, akakaa chini akiwa bado ameshika Kitabu. Tulimkimbiza hospitali. Daktari yule mrefu akaubonyeza taratibu mpaka ukarudi, kisha akatuambia bila kupepesa: "Safari hii umerudi. Ukikwama tena, utumbo unaweza kukosa damu ukaoza humo ndani, na hapo tutakuwa tunazungumza habari nyingine. Apasuliwe sasa, akiwa mzima." Nilimwelewa vizuri sana, nikaogopa kuwa mjane.

Mume wangu akakataa katakata. Kisha akapanda mbele akahubiri juu ya watu waliomwacha Mungu wakashika mashine. Hakutaja mtu, lakini vichwa vyote viligeuka safu ya pili kumtazama Bi Lala. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Yeye alikaa palepale, mkoba mapajani, mpaka mwisho, akaimba wimbo wa kufungia kwa sauti kuliko sisi sote. Wiki iliyofuata nikasema leo haji. Akaja, akakaa nafasi ileile.

Na jioni yake akaja nyumbani. Akanawa mikono, akala, akawauliza watoto habari za shule, akachukua mkoba wake. Mlangoni akamgeukia mdogo wake akasema neno moja tu: "Lini?" Akaondoka. Kesho yake akaja tena, akala, akasema "Lini?", akaondoka. Hakugomba wala hakubishana, hata alipochokozwa. Mume wangu alifikia hatua ya kujificha chumbani akisikia viatu vyake, naye akamwuliza hukohuko kupitia mlangoni. Mwisho wa yote akapiga kelele: "Nipasueni basi, huyu mwanamke aniache nipumzike!" Wifi akasema, "Asante," akanywa chai yake akamaliza.

Mume wangu alilazwa siku moja kabla. Jioni ile nesi alimpitia kitandani akamwambia, "Kesho wewe ndiye wa kwanza kupasuliwa. Kuanzia usiku huu ufunge."

We! Hilo neno lilimfanyia mume wangu kazi ambayo mimi na dada yake tulishindwa. Alinipigia simu sauti imejaa furaha. "Mke wangu, kumbe hata hawa wanafunga! Nesi ameniambia mwenyewe, nifunge!" Mimi nikafurahi kwa kuwa amefurahi, nikamwambia haya, funga, Mungu atasikia. Tukaagana vizuri, na nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda.

Asubuhi nilifika na kapu lenye vitu vyake. Akina mama wa maombi walikuwa wanatoka wodini, wamekwisha kumwombea. Mmoja akanipa chupa ya chai yenye uji nusu, akaniambia nitautumia. Nikashukuru nikiamini ni staftahi yangu. Muuguzi akanipa suruali na shati la mume wangu, maana alikuwa ameshavalishwa lile gauni lao la kijani ambalo nyuma halina siri. Nikavikunja nikaviweka kapuni.

Kitanda cha magurudumu kikasukumwa hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Daktari akatoka, barakoa iko kidevuni, akamsalimia. "Umefunga, mzee?"

"Nimefunga."

"Safi." Akaingia ndani. Nesi naye akasema alishamuuliza, amefunga. Kisha akatoka Bi Lala, kofia ya kazi imemfunika nywele zote. Alionekana mchovu, midomo imekauka kidogo. Akasimama kichwani kwa mdogo wake.

"Umefunga?"

"Dada, mara ya ngapi hiyo? Nimefunga."

Nesi akaanza kusukuma kitanda. Wifi akashika chuma cha kitanda, kikagoma kwenda. Alikuwa anamtazama mdogo wake usoni, na mimi nikaona sura yake inabadilika. Akauliza swali ambalo sidhani limewahi kuulizwa mlangoni pale.

"Umefungua?"

"Nimefungua," mume wangu akasema, tena kwa fahari. "Baada ya sala ya asubuhi, kama alivyotufundisha baba."

Wale waliolelewa katika nyumba ile wanajua. Mfungo wa baba mkwe ulianza jua likizama, ukapita usiku mzima, ukaisha baada ya sala ya asubuhi. Hapo unafungua kinywa kwa kitu chepesi, na mfungo wako umehesabiwa. Kwa hiyo mume wangu hakudanganya hata chembe. Aliulizwa kama amefunga, naye alifunga, akafungua.

"Kwa kitu gani?" wifi akauliza, sauti imeshuka. "Umefungua kwa kitu gani?"

"Uji. Bakuli moja. La pili sikumaliza."

Nilitazama chupa iliyo kapuni mwangu. Sikujua bado kuna hatari gani, lakini uso wa wifi ulikuwa umenitosha. Akanieleza palepale, kwa kifupi. Mtu akilala kwa dawa, koo nalo linalala. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda mpaka kooni kikaingia mapafuni, na mtu akafa usingizini wala hajaguswa na kisu. Mume wangu alikuwa anasikiliza amelala chali, macho yamemtoka pima.

Daktari akaitwa. Alikasirika, na simlaumu, ratiba nzima ilikuwa imevurugika. "Arudi nyumbani. Tutampangia siku nyingine."

"Akirudi nyumbani harudi," Bi Lala akasema. "Mimi namjua. Mweke wa mwisho leo. Uji utakuwa umeshuka. Na sitamlaza, nitampa ganzi ya mgongoni, awe macho. Miguu na kinena vitalala, koo halitalala."

"Una uhakika?"

"Wa kazi yangu ninao. Wa mengine nitaomba."

Daktari akapumua kwa nguvu, akasema, "Haya, wa mwisho. Na akitia kitu mdomoni, hata tone, asiletwe mbele yangu." Akaingiza mgonjwa mwingine. Bi Lala naye alitakiwa ndani, lakini kila alipomaliza mgonjwa mmoja alitoka kuja kwetu kabla ya mwingine, na sisi tukaketi kwenye korido tukingoja.

Hapo ndipo mume wangu alipoanza vituko. Akaketi kitandani, gauni limemwacha mgongo wazi, akatangaza: "Hii ni ishara. Mungu amenizuia nisipasuliwe. Mke wangu, suruali yangu iko wapi?"

"Nimeikalia."

"Nipe suruali."

"Sinyanyuki." Na kweli, nilikuwa nimeshaitoa kapuni nikaikalia, maana nilimwona macho yanavyozunguka. Tangu nimeolewa sijawahi kumkatalia mume wangu kitu hadharani, lakini siku ile angelazimika kunibeba pamoja na benchi.

Wifi akatoka, akamkuta ameshusha mguu mmoja. Nikamwambia, "Mhubiri amepata ishara." Akavuta kiti akaketi mbele yake.

"Ishara gani?"

"Dada, fikiria. Kila mtu kauliza, hakuna aliyejua. Dakika ya mwisho jambo likajulikana. Huoni mkono wa Mungu hapo?"

"Nauona. Mkono huohuo umenitia kinywani swali. Mungu angetaka usipasuliwe, angenyamaza, ungeingia na uji wako, saa hizi tungekuwa tunakuosha."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Alikuzuia usife. Hakukuzuia usitibiwe."

Mimi nikamimina uji kidogo kikombeni, nikamnyooshea wifi, nikimwonea huruma kwa ile midomo yake mikavu. Akautazama akasema, "Weka kwanza." Nikadhani umemkera, na kweli ulistahili kumkera. Nikaurudisha chupani.

Mume wangu akauliza, kwa sauti ndogo sasa, sauti ambayo huko mbele ya watu hawaijui, "Dada, hao unaowalaza, wote unawaombea?"

"Wote."

"Na wote wanaamka?"

Nilitaka kumkanyaga mguu. Wifi hakukwepa. "Hapana. Wapo waliokufa mbele yangu. Niliwakagulia kila kitu, nikawaombea kama ninavyowaombea wengine, wakafa. Mmoja alikuwa mtoto." Akazitazama kucha zake. "Usiniulize kwa nini, sijui. Nililia, nikamwuliza Mungu maswali mabaya. Nikafungua vitabu vyangu nikatafuta kama kuna nilipokosea. Asubuhi yake nikarudi, nikakagua, nikaomba. Sikuona cha kuacha kati ya hivyo viwili."

Mume wangu akasema lile lililokuwa linamla siku zote, na mimi mkewe ndiyo mara ya kwanza kulisikia. "Niliwaambia watu nimepona. Nikirudi na kidonda, nitaonekana mwongo. Sitaweza kusimama pale tena."

Uso ulimwiva kwa aibu. Nilimwonea huruma mpaka nikataka kumpa suruali yake. Kumbe kisu chenyewe hakikumtisha hata kidogo, wala hakuwa na shaka na Mungu. Alichokiogopa ni macho ya watu.

"Uliomba upone?" wifi akauliza.

"Niliomba."

"Basi jibu lako liko ndani ya chumba kile, linanawa mikono. Halina imani, lakini lina mkono mwepesi. Ulitaka lije na radi?" Akasimama. "Watu utawaambia ukweli. Wakikucheka, watacheka wakiwa wanakuona uko hai. Pandisha mguu."

Akapandisha mguu.

Zamu yake ilipofika, alisukumwa ndani akiwa ameushika mkono wa dada yake. Mlango ukafungwa, mimi nikabaki na kapu. Muda si muda nikasikia sauti. Alikuwa anaomba, tena kwa sauti ya kule mbele, inayofika mpaka maghalani! Daktari alinisimulia baadaye kwamba alitaka kumnyamazisha, Bi Lala akamwonyesha kioo cha mashine: mapigo ya moyo yametulia tangu aanze kuomba. "Mwache. Hiyo ni dawa ya bure." Basi akaombea kila mtu mle ndani. Akamwombea daktari apate mke mwema, na daktari, ambaye ameoa zamani, akajibu "amina" ili kazi iendelee.

Kisha sauti ikakatika.

Nilisimama. Nikasubiri iendelee, haikuendelea. Nilipiga moyo konde nikauegemea mlango, sikusikia kitu ila vyuma vikigusana. Niliomba siku ile maombi yasiyo na mpangilio wowote. Nilikuwa nasema tu, usimchukue, usimchukue, na huku naikumbatia suruali.

Mlango ukafunguka, wifi akatoka, barakoa mkononi.

"Tumefunga."

"Nani kafunga tena?" nikapiga kelele. "Nani kafunga wifi, mimi habari za kufunga sitaki!"

"Kidonda, wewe. Tumefunga kidonda. Imekwisha."

"Mbona kanyamaza?"

"Amelala. Mwenyewe, bila dawa. Tangu lini hajalala vizuri huyu?" Akaketi kwenye benchi, akaegemeza kichwa ukutani. "Sasa nipe ule uji, wifi."

"Umepoa. Umeshika ngozi."

"Nipe hivyohivyo."

Nikammiminia. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakiinua kidogo, akafumba macho, midomo ikamcheza. Mimi nilikuwa nimemwona mume wangu akifanya hivyo mara nyingi, kikombe juu na macho yamefumbwa, na hufanyi hivyo kwa kikombe chochote tu. Ndivyo nyumba ile wanavyofungua mfungo.

Wakati huohuo kitanda kikatolewa. Mume wangu alikuwa ameamka, miguu imekufa ganzi, na alikuwa anamtazama dada yake.

"Dada. Ulifunga?"

Akameza kwanza. "Tangu jana jua lilipozama. Maji nilikunywa. Mungu hataki nizirai juu ya mgonjwa."

"Baba alifungua asubuhi."

"Baba hakuwa na mtu wa kupasuliwa."

"Ulifunga kwa ajili yangu?"

"Sasa kwa ajili ya nani, ya daktari?"

Mume wangu akageuza uso ukutani, mabega yakawa yanamtikisika, na nesi akamwambia asijikaze tumbo ataumiza kidonda. Alipogeuka macho yalikuwa yamelowa, hakujali nani anamwona. "Yale niliyoyasema kule mbele..."

"Nilikuwa safu ya pili. Niliyasikia."

"Utakuja tena?"

"Kwani nafasi yangu umempa nani?"

Akanyoosha mkono akanigusa kiganja.

"Mke wangu," akasema, "mwongezee Dada uji."

Nikammiminia mpaka chupa ikakauka.